Sumaku Iliyogeuzwa: Historia ya Gitaa la Peter Green

Peter Green alikuwa na umri wa miaka 19 alipochukuliwa na John Mayall katika bendi ya Bluesbreakers, mwaka 1966, na nafasi aliyopewa ilikuwa ya moto. Aliyeiacha ni Eric Clapton, mpiga solo ambaye mashabiki wake wa London walikuwa wakiandika ukutani kwamba ni mungu. Albamu aliyorekodi na Mayall ilitoka Julai mwaka uleule, na watu waliokuja kwenye maonyesho walikuwa wakimtaka yeye. Inasimuliwa kwamba Mike Vernon, mtayarishaji wa muziki, alipofika studio za Decca kuanza albamu iliyofuata alishtuka kuona amplifaya ngeni na Clapton hayupo. Mayall akamwambia asihofu, amepata kijana mwingine ambaye haitachukua muda atampita huyo wa kwanza. Albamu hiyo, A Hard Road, ilitoka mwaka 1967. Ndani yake mna kipande kisicho na maneno, The Supernatural, alichokitunga Green mwenyewe, ambamo noti moja inashikwa na kuachwa ilie kwa muda mrefu kuliko msikilizaji anavyotarajia.

Gitaa alilolipiga Green lilikuwa Gibson Les Paul Standard la mwaka 1959. Alilinunua London, katika duka la Selmer lililokuwa Charing Cross Road, kwa pauni mia na kitu. Kwa kijana wa Bethnal Green, mtaa wa wafanyakazi mashariki mwa London, hizo hazikuwa hela kidogo, lakini ukilinganisha na bei ya leo ni sawa na bure.

Magitaa hayo yalitengenezwa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani. Mwili ni wa mahogani, uso umebandikwa ubao wa mepo, na rangi ni ya machweo: nyekundu pembeni, manjano katikati. Kati ya 1958 na 1960 kiwanda kilitoa yasiyofika 2,000. Soko halikuyapenda. Yalikuwa mazito, na wapigaji wengi wa Marekani wakati huo walitaka kitu chepesi zaidi, hivyo mwaka 1961 Gibson wakabadilisha umbo kabisa. Vijana wa Uingereza ndio walioyafufua, hasa baada ya kumsikia Clapton, na mwaka 1968 kiwanda kililazimika kurudisha Les Paul sokoni. Wekundu wa yale ya zamani ulikuwa hafifu, ukafifia kwa mwanga wa jua, na la Green lilikwisha kuwa na manjano ya limau iliyoiva.

Siri yake, hata hivyo, iko chini ya nyuzi, na ili kuifahamu inabidi tuingie kidogo katika ufundi. Gitaa la umeme halinasi sauti kwa kipaza sauti. Lina vinasa, ambavyo wapigaji wengi huviita pikapu: sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kupelekwa kwenye amplifaya. Tatizo la vinasa vya kwanza ni kwamba waya huohuo uliokota pia mnguruma wa umeme wa taa na transfoma zilizo jirani. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson, Seth Lover, aliwasilisha ombi la hataza kwa kinasa chenye koili mbili badala ya moja. Alizisuka na kuzielekezea sumaku kwa namna ambayo mnguruma unaingia katika koili hizo kinyume kwa kinyume na kujifuta, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa na kubaki. Les Paul ya 1959 ina vinasa viwili vya aina hiyo, kimoja karibu na shingo na kingine karibu na daraja, na swichi ya hatua tatu: kinasa cha shingo peke yake, cha daraja peke yake, au vyote viwili kwa pamoja swichi ikiwa katikati.

Gitaa la Green lilikuwa na kasoro. Ndani ya kinasa cha shingo, sumaku ilikuwa imekaa kinyume. Ukikipiga kinasa hicho peke yake huwezi kutambua lolote, sauti ni nene na tamu kama ya Les Paul nyingine yoyote. Kinasa cha daraja nacho hakina neno. Mambo hubadilika swichi inapowekwa katikati. Hapo mkondo wa kinasa kimoja unapanda wakati wa mwenzake unashuka. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu kwa ndani na huyu kwa nje.

Mtu angedhani kwamba sauti ingefutika yote. Haifutiki, na sababu yake ndiyo inayonifurahisha zaidi katika habari hii nzima. Mitikisiko mizito ya uzi, ile inayotoa besi, ni mirefu, hivyo inafika kwenye vinasa vyote viwili ikiwa karibu sawa, na vinasa vikipingana besi hiyo inakufa. Mitikisiko midogo ya juu ni mifupi. Inapopita juu ya kinasa cha shingo ina sura moja, ikipita juu ya cha daraja ina sura nyingine, kwa hiyo haiwezi kufutana vizuri. Kinachobaki ni sauti nyembamba yenye uwazi katikati, inayotokea puani, ya chini kidogo kwa nguvu lakini inayopenya. Katika Need Your Love So Bad ya mwaka 1968, wimbo wa taratibu uliozungushiwa vyombo vya nyuzi, gitaa la Green linaomba kwa sauti ya namna hiyo. B.B. King, ambaye vijana wote hawa walijifunza kwake, alimsifu Green kuwa ndiye mwenye sauti tamu kuliko wote aliowasikia.

Sumaku iligeukaje? Simulizi ni mbili. Moja inasema Green mwenyewe alikitoa kinasa cha shingo wakati akitafuta ukali wa kile cha daraja, kisha alipokirudisha akakipachika nyuma mbele, ingawa, kama tutakavyoona, hilo peke yake lisingeigeuza sumaku. Nyingine inasema kosa lilitoka kiwandani Kalamazoo, au kwa fundi aliyekitengeneza baadaye. Ninachokiona cha maana ni kwamba Green alipoisikia sauti ile hakulipeleka gitaa likanyooshwe. Alijifunza kuishi nayo. Kila kinasa kwenye Les Paul kina kifundo chake cha sauti, na ukishusha kimoja kidogo tu, upinzani unapungua na besi inarudi taratibu. Kwa hiyo mtu mwenye mkono mwepesi alikuwa na zaidi ya sauti tatu za swichi, akizitafuta kwa kidole kidogo huku wimbo unaendelea.

Katikati ya 1967 Green alimwacha Mayall akaanzisha bendi yake. Hakuipa jina lake. Aliiita Fleetwood Mac, kwa majina ya mpiga ngoma Mick Fleetwood na mpiga besi John McVie, na mwezi Agosti mwaka huo ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika tamasha la jazz na blues la Windsor. Miaka mitatu iliyofuata ilijaa nyimbo: Black Magic Woman, ambayo dunia nzima inadhani ni ya Santana kwa sababu Santana aliirekodi mwaka 1970, kisha Albatross, Man of the World, Oh Well, na The Green Manalishi. Katika nyimbo hizo za mwisho maneno yake yanazidi kuwa ya mtu anayetafuta njia ya kutoka. Alianza kugawa fedha zake na kuwataka wenzake nao wafanye hivyo. Mei 1970 aliiacha bendi. Baadaye madaktari walimkuta na skizofrenia, na kwa miaka mingi hakupiga muziki wa maana.

Gitaa likapata mikono mingine. Gary Moore, kijana wa Belfast, alikuwa amemwona Green jukwaani akiwa na Bluesbreakers na hakuwa mtu yuleyule tena. Alipokuwa Dublin katika bendi ya Skid Row, walipata kutumbuiza kabla ya Fleetwood Mac, Green akamsikia, akampenda na kuisaidia bendi yake kupata mkataba wa kurekodi. Miaka ya mwanzo ya 1970 Green alimwazima Les Paul ile, kisha akamwambia ainunue. Moore hakuwa na uwezo. Green akamwambia auze gitaa alilokuwa nalo na chochote kitakachopatikana ndicho kitakuwa bei. Mwishowe alipokea kiasi kinachokaribia alicholipa yeye dukani. Alitaka liende kwa mtu atakayelitunza, na Moore alikaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo shingo yake ilivunjika na kuungwa, na vifundo vikabadilishwa mpaka havifanani. Alilipiga katika Parisienne Walkways, na mwaka 1995 akatoa albamu nzima ya nyimbo za Green, Blues for Greeny, kwa gitaa hilohilo. Tangu hapo gitaa limejulikana kwa jina hilo, Greeny.

Kufikia wakati huo kazi ya kuliiga ilikuwa imeshapamba moto. Wapigaji waliosikia rekodi walijua hawasikii Les Paul ya kawaida, wakazikodolea macho picha. Katika picha kulikuwa na kitu kimoja kinachoonekana wazi. Kinasa cha aina hii kina safu ya skurubu sita upande mmoja. Kwenye Les Paul ya kawaida, skurubu za kinasa cha shingo huelekea shingoni. Kwenye gitaa la Green zinaelekea kwenye daraja. Kinasa kimegeuzwa nusu mzunguko! Basi watu wakachukua bisibisi, wakafungua vinasa vyao, wakavigeuza, wakafunga nyuzi upya, wakawasha amplifaya, na sauti ikawa ileile ya siku zote.

Haikuweza kuwa vingine. Ukikigeuza kinasa kizima unahamisha mahali pa koili mbili, hii inakuwa mbele na hii nyuma, lakini kila koili inaendelea na sumaku yake na msuko wake. Mkondo unatoka upande uleule. Picha ilikuwa ya kweli na bado iliwapoteza, maana jambo lenyewe lilikuwa ndani ya bati, mahali ambapo kamera haifiki. Imani hii ya kugeuza kinasa haijafa mpaka leo, na bado utawakuta watu wazima wakiitetea kwa nguvu.

Wengine walijaribu njia ya pili, kubadilisha nyaya: wa moto uende ardhini, wa ardhi uende kwenye moto. Kwa hesabu ni sahihi, na kwenye vinasa vya kisasa hufanya kazi. Kwenye vinasa vya mtindo wa 1959 ni balaa. Vile vina waya mmoja tu wa ndani, umefunikwa na wavu wa chuma, na wavu huo umelehemewa kwenye bati la chini la kinasa. Ukibadilisha, bati na kifuniko chake vinakuwa sehemu ya njia ya sauti. Gitaa linanguruma, na ukigusa kifuniko kwa kidole linakwaruza kwenye spika.

Inabaki njia ya tatu, ambayo ndiyo yenyewe. Kinasa kinatolewa na kifuniko chake cha nikeli kinaachanishwa na bati pale kilipolehemewa, sehemu mbili za pembeni, kwa chuma cha kulehemu chenye moto wa kutosha ili kisikae muda mrefu na kuchoma koili. Chini ya bati kuna skurubu nne ndogo zinazozishika koili. Hizo hulegezwa bila kutolewa. Katikati ya koili mbili, kwa chini, imelala sumaku bapa ya alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, yenye urefu wa kidole na unene wa milimita tatu hivi. Inasukumwa taratibu kwa kipande cha mbao mpaka itokeze upande wa pili.

Hapa ndipo mikono mingi hukosea. Ncha za sumaku hii haziko kwenye miisho yake mifupi, ziko kwenye kingo zake ndefu: ukingo mmoja ni kaskazini, wa pili ni kusini. Kwa hiyo ukiipindua kichwa chini miguu juu, huku ukingo wa kulia ukibaki kulia, hujafanya kitu. Inatakiwa izunguke kwenye mhimili wake mrefu, uso wa juu uende chini, ili ukingo uliogusa skurubu sasa uguse vijiti vya koili ya pili. Fundi makini huchora alama kwa kalamu kwenye ukingo mmoja kabla ya kuitoa, na akishairudisha huleta dira ndogo juu ya skurubu kuhakikisha sindano imegeuka. Kisha skurubu nne zinakazwa, kifuniko kinalehemewa, kinasa kinarudi mahali pake. Saa moja ya kazi, na gharama yake ni risasi kidogo ya kulehemu.

Wakati wapigaji wakijitengenezea hivyo, nakala za magitaa mashuhuri zilikuwa zimegeuka biashara kubwa. Mwaka 2006 kampuni ya Fender ilitoa nakala 275 za Blackie, gitaa ambalo Clapton aliliunga kwa vipande vya magitaa matatu, na mwaka uliofuata nakala 300 za gitaa la mpigaji Eddie Van Halen, kila moja dola 25,000, zenye mikwaruzo na alama za kuungua kama za asili. Nazistahi kazi zile kwa ustadi wa mafundi wake. Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo inanunua makovu, na kovu halitoi sauti. Greeny ni gitaa ambalo siri yake yote inaweza kuigwa na mtu asiye na fedha.

Gibson nao waliingia katika biashara hiyo. Moore alikuwa ameliuza gitaa mwaka 2006, na mwaka 2010 kampuni ilipoanzisha mfululizo wake wa nakala za Les Paul za zamani, Collector's Choice, namba moja lilikuwa hilo. Moore alifariki dunia Februari 2011. Mwaka 2014 gitaa lilinunuliwa na Kirk Hammett wa Metallica, na wapenzi wa blues wakaguna kwamba limekwenda kufungiwa na tajiri. Hammett aliwanyamazisha kwa vitendo. Alirekodi nalo albamu ya Metallica ya mwaka 2016, analipiga jukwaani mbele ya viwanja vilivyofurika, na Februari 25, 2020, Mick Fleetwood alipoandaa usiku wa kumuenzi Green katika ukumbi wa London Palladium, Hammett alilirudisha London na kupiga The Green Manalishi akiwa na mpiga gitaa mwenzake Billy Gibbons. Julai 25 mwaka huohuo Green aliaga dunia akiwa na miaka 73. Mwaka 2023 Gibson walitoa Greeny la kawaida la kiwandani kwa kushirikiana na Hammett, na kampuni yao tanzu ya Epiphone ikatoa la bei nafuu zaidi. Yote yana kinasa cha shingo kilichogeuzwa ili macho yaridhike, na sauti iliyopinduliwa katikati ili masikio yaridhike. Kosa lile la zamani sasa linapimwa, linakaguliwa na kuuzwa likiwa na cheti.

Baada ya kusikiliza nakala nyingi zikipigwa, msimamo wangu ni huu. Sumaku iliyogeuzwa inakupa kweli ile sauti ya puani, hakuna uongo. Lakini kuna wanaoweka swichi katikati, vifundo vyote viwili wakavifungua mpaka mwisho, kisha wakapiga noti nyingi mfululizo, na baada ya dakika mbili msikilizaji amechoka, maana sauti nyembamba ikiongea bila kupumua inakera. Green alicheza noti chache. Aliacha nafasi. Alirudi kwenye kinasa kimoja pale wimbo ulipohitaji unene, na alipoingia katikati alishusha kifundo kimoja hadi mahali anapopataka. Pia alicheza kwenye amplifaya iliyowashwa kwa nguvu lakini akazigusa nyuzi kwa upole, hivyo sauti ilikuwa tayari kulia bila kulazimishwa. Vitu hivyo havimo ndani ya kinasa, na hakuna kiwanda kitakachovipachika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayepiga solo, iwe kanisani, kwenye bendi ya dansi au chumbani kwako: kama gitaa lako lina vinasa viwili vya koili mbili, sauti hii iko mbali nawe kwa saa moja tu. Usifungue kinasa cha zamani chenye kifuniko chake cha asili, kwa sababu waya wa ndani ni mwembamba kuliko unywele na ukikatika umepoteza kitu kisichorudi. Tumia kinasa kipya chenye nyaya nne, umwambie fundi abadilishe zinazopeleka sauti na aache ule mtupu wa kinga kwenye ardhi, akufungie na kifundo cha kuvuta ili uweze kurudi kwenye sauti ya kawaida pale unapotaka. Ukishafika hapo, weka swichi katikati, shusha kifundo kimoja polepole, na usipige noti ya pili mpaka ya kwanza imekwisha.